Shingo ya Sultani na Hatua Kumi na Mbili

Palikuwa na Sultani, akiitwa Shekue, aliyelalia ubavu vibaya akaamka shingo imekaza. Tabibu akamwambia, usigeuke. Yeye akatoa amri: atakayeigeuza shingo ya Sultani robo ya duara, atahamishwa mji siku hiyo hiyo. Hebu ona! Shingo yake, adhabu yetu.

Basi baraza lake lilikuwa ukumbi wa duara, kiti katikati kabisa, kinatazama lango. Siku hiyo akaingia Mwanamvua, msusi wa vitanga, ile mikeka midogo ya duara, kitanga kipya kwapani, mtoto wa miezi minne mgongoni, na ninyi mliolea mnajua, mtoto wa miezi minne akiamua kulia hana habari na Sultani wala shingo. Mwanamvua akafuata ukuta mbio mbio, afike mlango wa ghala, aweke kitanga, atoke. Mtoto, ngwaaa! Shingo ya Sultani, kruu! Ikageuka, ikakwama huko huko.

"Mkamateni! Robo nzima! Ahamishwe!"

Jamani! Aende wapi na kichanga, na masika ndiyo kwanza yanaanza? Lakini ulimi wake haukukwama.

"Maulana, nimetembea hatua ngapi?"

"Nikae nihesabu hatua za wasusi?"

"Askari wako na wahesabu."

Wakahesabu. Kutoka langoni hadi mlango wa ghala, kumi na mbili.

"Na kutoka kitini hadi ukutani?"

Kumi na mbili vilevile.

"Basi si robo."

"We mwanamke, shingo yangu unaijua kuliko mimi?"

"Shingo siijui, Maulana. Duara nalijua, ndilo linalonilisha."

Akatandika kitanga chini, akachomoa ukindu wa kusukia, akaukata urefu wa kutoka katikati hadi ukingoni. Kisha akaulaza kufuata ukingo, mara moja, mara mbili, huku anambembeleza mtoto, mara tatu, nyamaza mwanangu, mara nne...

"Mara sita na kipande. Ndiyo duara zima, kiwe kitanga, uwe ukumbi huu. Robo yake ni mara moja na nusu na kidogo. Mimi nimezunguka mara moja tu: kutoka kwako hadi ukutani kumi na mbili, kufuata ukuta kumi na mbili. Robo ingetaka kumi na tisa."

"Lakini imefika robo! Tazameni pua yangu!"

Watu wote wakaitazama pua. Ilikuwa imeelekea mlango wa jikoni, mbele ya ule wa ghala. Askari wakapima kutoka langoni kufuata ukuta: hatua kumi na tisa.

"Umeona?" Sultani akafurahi.

"Nimeona, Maulana. Kumi na mbili ni zangu, sizikatai. Hizo saba za mbele kazitembea nani?"

"Hakuna aliyetembea!"

"Iligeuzwa na nini, basi? Upepo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani jasho likamtoka.

"Ni... ni harufu tu. Huko jikoni walikuwa wanaipua halua."

Mwanamvua akakunja kitanga, akakaza mbeleko.

"Basi mimi na mwanangu tunarudi nyumbani, Maulana. Halua ndiyo ihame mji."