Ufa wa Kumchungulia Jirani

Wapendwa, leo nawapeleka bandani kwa kuku, na harufu mtanisamehe. Nimelala nyumba za wageni kutoka Kigoma hadi Lindi, na kama kuna elimu niliyoipata safarini ni hii: kujikuna hakuna kabila wala cheo. Basi mkimwona mwenzenu anaanza kujikuna katikati ya habari hii, msimcheke. Hata mimi nikiisimulia, huu upara wangu huniwasha.

Palikuwa na bwana mmoja aliyejijengea banda la kuku. Banda, si kibanda! Mbao zimepigwa randa, bati jipya, mlango una kitasa. Mgeni akifika kwake, kabla hajapewa kiti alipelekwa kuliona banda, na asiposema "Aisee!" hata chai ilichelewa.

Kasoro ilikuwa moja tu: kuku waliolala humo. Walisinyaa. Mapanga yao ya kichwani, ambayo kwa kuku mwenye afya huwa mekundu, yalipauka kama karatasi. Mtetea akianza kuatamia, haukupita muda anasusa, mayai yanaviza. Bwana yule akawashika mchana kweupe, mmoja mmoja, akafunua manyoya, akapuliza, asione kitu.

"Hawa hawana utitiri," akasema. "Wana uvivu."

Wale aliowachoka zaidi akambadilishia mama jirani kwa gunia la pumba. Mama huyo alikuwa mjane, na kuku wake hawakuwa na banda. Walilala jikoni, darini, katika moshi wa kuni, na mchana walijigaragaza kwenye majivu mpaka wakafanana na wapishi wa harusi.

Basi wale wavivu, huko kwa mjane, wakanenepa. Mmoja akaibuka na vifaranga, akawapitisha mbele ya lile banda zuri taratibu, kama mama mkwe anayekagua nyumba.

"Umeona?" bwana akamwambia mkewe. "Kwangu wanakufa, kwake wanafufuka. Yule mama ana mkono."

"Ana mkono wa kutupa mtama, mume wangu."

"Humjui wewe! Juzi kapita hapa, kaniambia, 'Shemeji, banda zuri!' Kulipokucha, kuku kasusa mayai."

"Si ni wewe uliyemwita aje kuliona?"

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Mtu akishaamua kwamba adui yuko nje, hata salamu ya jirani hugeuka ushahidi. Bwana yule akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwambia mjane anawaroga kuku wake, na kwamba yuko tayari kusema hivyo mbele ya watu. Nanyi mnajua, ndugu zangu: neno "mchawi" likishamkalia mjane halitoki kwa maji wala kwa sabuni. Mama yule angehama, au pengine yangempata makubwa zaidi.

"Umemwona kwa macho yako?" mwenyekiti akauliza.

"Njoo asubuhi na watu wako. Kaeni barazani kwangu. Nitawaita nikimwona."

Asubuhi akawatoa kuku, akaingia bandani, akajifungia kwa kile kitasa chake. Akachuchumaa gizani, akatafuta ufa ukutani uliotazama jikoni kwa mjane, akaweka jicho.

Akamwona. Mama anatupa mtama huku anaimba. Hakuna hirizi, hakuna kibuyu. Bwana akajikuna shingo. Mama anamimina maji kwenye kigae, kuku wanakunywa. Bwana akajikuna kwapa, jicho halibanduki. Akajikuna na mahali ambapo mimi, hapa madhabahuni, sipataji. "Subira," akajiambia, "atajifichua tu." Akalisogeza jicho karibu zaidi.

Ufa ukatikisika.

Akarudi nyuma kidogo, akatazama, safari hii si kupitia ufa, bali ufa wenyewe. Kile alichokidhani ni vumbi la mbao kilikuwa kinatembea. Utitiri! Umejipanga ukingoni, mwekundu, umeshiba damu. Akafunua ganda la kijiti wanacholalia kuku: umo. Akatazama ufa wa pili, wa tatu: umejaa tele. Mchana unalala mbaoni. Kuku wakipanda kulala, unatoka kula. Kumbe siku zote alikuwa anampekua aliyeibiwa, na mwizi kalala ukutani!

Sasa hapo, wapendwa, ninyi mngefanya nini? Nje kuna mwenyekiti na watu. Angeweza kutoka kimya, akasema, "Leo hakufanya kitu, tumvizie kesho." Banda lake lingebaki na sifa, na mjane angebaki na jina. Akalitazama banda lile alilolijenga kwa mikono yake. Akajikuna. Kisha akaupiga mlango teke.

"Nimemkamata mchawi!"

Watu wakaruka kutoka barazani. Kule jikoni, mama jirani akasimama, mtama mkononi.

"Yuko wapi?" mwenyekiti akafoka.

"Humu ndani! Maelfu! Na aliyewajengea nyumba, akawawekea na kitasa, ni mimi!" Akamgeukia mjane. "Jirani, nilikuwa nakuchungulia nikuharibie jina. Nisamehe."

Mama akamtazama toka utosini hadi nyayoni, jinsi alivyokuwa anajikuna kwa mikono yote miwili.

"Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Ila usinisogelee kwanza."

Siku hiyo kulikuwa na shangwe! Vijiti vya kulalia vikang'olewa, vikachomwa, vikalia pwa! pwa! motoni kama bisi. Kila ufa ukamiminiwa maji yanayochemka, ukazibwa kwa chokaa. Mjane akaja na karai la majivu, akayamwaga uani kuku waoge. Mke wa bwana akapiga vigelegele. Na mtetea aliyeatamia baada ya hapo hakususa. Alikaa, akaangua, mapanga yakarudi kuwaka kama pilipili. Hata leo mgeni akifika kwa bwana yule bado anapelekwa bandani, ila anaonyeshwa ule ufa kwanza.

Na sisi je? Tumebadilisha walimu wa kwaya mara ngapi, na kwaya bado inalia kama mlango uliokosa mafuta? Yule tuliyemwita mvivu, mbona ananawiri kwa jirani? Nyumbani tumemlaumu mke, mume, mkwe, na shetani naye tumemsingizia hata asiyoyajua. Ni nani kati yetu aliyekitazama kijiti anacholalia?

Utitiri wetu hauko mbali, ndugu zangu. Uko pale pale tunapobandika jicho kumtazama mwenzetu. Basi tusione haya. Tupige mlango teke. Tutoke tukijikuna, tutoke tukichekwa, lakini tutoke. Maana aliyetoka bandani na kusema "ni mimi" amekwisha kushinda, na kilichobaki ni kuwasha moto tu.