Visulisuli Visivyoonekana

“Ndege imepita, upepo wake haujapita.” Mzee Chilongola, mwongoza ndege mstaafu, aliyasema maneno hayo kumzuia mwanafunzi wa mnarani aliyetaka kuruhusu ndege ya mazoezi kabla ya wakati. Wanafunzi wakamuuliza yametoka wapi. Methali hii, akawaambia, ilianzia uwanja huu huu, na ilianza hivi.

Ndege kubwa inaporuka huacha nyuma yake visulisuli viwili, kimoja kutoka kila ncha ya bawa. Havionekani kwa macho. Hushuka taratibu hadi karibu na ardhi, kisha huachana, kimoja kulia, kingine kushoto. Ndege ndogo ikiingia ndani ya kimoja, hupinduliwa kama jani. Ndiyo maana sheria iliitaka ingoje dakika tatu.

Saumu Kitwana aliletwa kuvipima, ili ijulikane kama muda huo unaweza kupunguzwa. Mtambo wake ulirusha mwanga kukatiza njia ya kurukia na kusoma mwendo wa vumbi laini lililo hewani. Katika miezi mitano alipima ndege mia mbili na kumi na mbili. Mara mia mbili na tisa, njia ilikuwa safi kabla ya dakika moja na nusu. Tatu zilizokaidi aliziandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa peke yake. Hakuwa mtu wa kukisia, na mnarani walimwamini kuliko walivyoiamini sheria. Majaribio yakaruhusiwa: badala ya kungoja dakika tatu, mwongozaji humuuliza Saumu, naye hujibu “Safi” au “Bado.”

Alasiri moja ya Juni ndege kubwa iliruka. Nyuma yake alingoja Kapteni Mwegelo na ndege ya injini moja, amebeba damu ya hospitali ya milimani, ambako kiwanja hakina taa.

“Mama Vipimo,” Mwegelo aliita redioni, “kuku wako ametaga? Jua halinisubiri.”

“Ngoja, Kapteni. Mtambo haujamaliza kusoma.”

“Umebakiza nini?”

“Sekunde arobaini.”

“Dada yangu, kila siku arobaini, na kila siku safi!”

Lugendo, mwongozaji wa zamu, akaingilia. “Saumu, dakika moja na nusu imetimia. Nimwambie nini?”

Saumu alitazama skrini. Picha ilikuwa nusu. Akatazama daftari: mia mbili na tisa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alijibu kwa daftari, si kwa mtambo.

“Safi.”

Ndege ndogo ilikimbia, ikanyanyuka. Ndipo picha ikakamilika. Upepo wa ubavuni ulikuwa mdogo, wenye kasi ileile ambayo kisulisuli hutambaa nayo, ila ulivuma kinyume chake. Kisulisuli kimoja kilikuwa kimesimama juu ya njia, hakiendi wala hakirudi.

“Mwegelo, bado! Bado!”

Bawa la kushoto lilikuwa limekwisha kuelekea juu.

Jioni ile hospitali ilipiga simu kuuliza ndege imeondoka saa ngapi. Saumu ndiye aliyepokea.

Katika uchunguzi wa ajali aliulizwa jambo moja tu: siku zile tatu za wino mwekundu, upepo ulikuwaje? Akafungua ukurasa. Mdogo, wa ubavuni, siku zote tatu. Jibu lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameliandika asilisome, kwa sababu tatu ni chache.

“Nilizipima ndege mia mbili na kumi na mbili,” alisema. “Yake sikuipima. Ndege ilikuwa imepita, upepo wake haujapita, nami nikasema umepita.”

Hakulia mbele yao, wala hakuomba ahurumiwe. Majaribio yalifungwa. Lugendo aliyaandika maneno yale kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya saa ya mnarani. Karatasi ilichakaa, ikatolewa. Maneno yakabaki vinywani mwa watu.

Hapo Mzee Chilongola akamaliza kisa chake. Mwanafunzi aliyekuwa na haraka aliuondoa mkono wake kwenye kipaza sauti, akainua macho kuitazama saa. Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini. Zilipokwisha, ndipo akairuhusu ndege ya mazoezi.

Ndege imepita, upepo wake haujapita.