Mkeka Safi wa Bi Somoe

Mkeka safi, mkono mjinga. Mmenisikia nikimwambia hivyo shangazi yenu alipomshika mtoto mikono ili asichezee wali, na sasa mnataka kujua maneno haya yametoka wapi. Nitawaambia, ingawa hasira bado ninazo. Chanzo chake ni hiki.

Bi Somoe alikuwa fundi wa kusuka mikeka, akiishi na mkwewe Mkasi na mjukuu wake mchanga, Hidaya. Alikuwa na mkeka mmoja wa rangi alioupenda kuliko watu. Kila Hidaya alipolishwa juu yake, alimviringisha kanga, mikono ikabanwa kiunoni, akamtia uji kijiko kwa kijiko, tone lisianguke. Majirani wakamsifu kwa usafi. Usafi gani huo? Mtoto kafungwa kama mwizi, na watu wazima wanachekelea.

Siku moja jirani yao Tabu alikuja na mwanawe, rika moja na Hidaya. Watoto wakawekewa sahani ya kunde za nazi uani. Wa Tabu akachovya, akabonda, akajipaka hadi masikioni, kisha akaokota kunde mojamoja akala. Hidaya siku hiyo hakufungwa, kwa kuwa palikuwa na wageni. Hata hivyo hakunyoosha mkono. Alifungua kinywa akangoja.

Mkasi akamtazama mwanawe, uso ukambadilika.

"Mama, huyu ana mikono au ana mapambo?"

"Atajifunza akikua."

"Atajifunzia wapi, na kila siku unamfunga?"

"Mkasi, mkeka ule nimeusuka kwa mikono yangu."

"Na mikono hiyo, ulipokuwa mdogo, nani aliifunga?"

Mkasi akambeba mtoto na ile sahani, akaingia ndani, akamketisha katikati ya mkeka wa rangi na kumwaga kunde zote mbele yake. Bi Somoe akapiga ukelele. Mkasi hakuomba radhi, na mimi nisingeomba.

Hidaya akazipiga kunde kwa kiganja. Akazisaga, akazitawanya, tui likaingia katikati ya ukili, ile misuko ya mkeka. Alijaribu mpaka akalia kwa ghadhabu, na mama yake hakumsaidia. Mwishowe akaibana kunde moja kwa kidole gumba na cha shahada, akaifikisha kinywani.

Bi Somoe alivitambua vidole hivyo viwili. Ndivyo vinavyoshika ukili mtu anaposuka. Akaketi pembeni ya madoa, akaona haya.

"Mmwagie tena," alisema.

Basi msiniulize tena kwa nini nilifoka. Mkeka safi, mkono mjinga.