Kura Tatu za Kocha Bora

Jamani, masikio yapo?

Yapo!

Niimwage ngano?

Imwage!

Zamani, zamani sana, wanyama walicheza mpira wa kikapu. Kila mwaka waamuzi watatu, Kifaru, Kasuku na Korongo, walipiga kura kumchagua kocha bora. Aliyechaguliwa alikabidhiwa watoto wote wa msituni awafundishe.

Fisi alikuwa kocha wa twiga. Akachaguliwa mwaka wa kwanza, akachaguliwa wa pili, akachaguliwa wa tatu. Watoto aliopewa akawatuma kumtafutia mifupa tu, mchezo hawakufundishwa.

Nungunungu alikuwa kocha wa pimbi, wale wanyama wadogo wa majabalini. Mwaka huo wa tatu walifungwa mechi zote kumi. Nungunungu hakuwagombeza. Kila asubuhi aliwaambia, "Urefu hatuna, wanangu. Miguu tunayo. Tukimbie." Wakakimbia, wakaanguka, wakainuka, wakakimbia tena. Mwaka wa nne wakashinda mechi sita.

Fisi akaingiwa na hofu. Akaenda kwa Kifaru. "Mzee, mimi nimeshinda kumi, yeye sita. Zipi nyingi?"

"Kumi," akajibu Kifaru.

Akaenda kwa Kasuku. "Yule Nungunungu huwachoma pimbi kwa miiba ili waruke." Kasuku akalieneza neno hilo msitu mzima.

Akaenda kwa Korongo. Korongo akamsikiliza, akaruka zake.

Siku ya kura ikafika. Kifaru akasema, "Fisi." Kasuku akasema, "Fisi." Korongo akasema, "Wenzangu, tuwaulize kwanza wachezaji. Twiga, kocha wako amekufundisha nini?"

Twiga akafikiri sana. "Alinikuta mrefu," akasema. "Hata sasa mimi ni mrefu."

"Nawe, Pimbi, umechomwa?"

Pimbi akageuka, akaonyesha mgongo, mbavu na miguu. Kovu halikuonekana. "Babu Nungunungu huilaza miiba yake tukimkaribia," akasema. "Alinikuta nauogopa mpira. Siku hizi nauitisha."

Kifaru akainamisha kichwa. "Nilihesabu mechi, sikuuliza walianzia wapi. Kura yangu naihamishia kwa Nungunungu."

Kasuku akabaki na Fisi wake, lakini Korongo naye akamchagua Nungunungu, na kura mbili zilitosha. Fisi akaondoka, uongo wake umeanikwa juani. Kesho yake watoto wa msitu mzima wakajipanga uwanjani, na Nungunungu akaanza kwa kumuuliza kila mmoja jina lake.

Basi, wanangu, mwalimu hapimwi kwa ushindi peke yake. Tazameni aliwakuta wapi wanafunzi wake, na amewafikisha wapi.

Ngano yangu naitua hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.