Samaki wa Syprose

Kuna vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata akiwa amesimama wima, hata awe na umri na heshima ya kujaza gunia. Wahenga waliliona hilo wakatuachia neno lake, nasi hulirudia kila siku bila kulifuata. Mzee Bethwel wa Kiptere alilirudia kuliko sisi sote, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai na alipenda kuhutubia watu. Mwenyewe alikuwa mrefu, mnyoofu kama mkaratusi, na shingo yake ilikuwa ngumu vilevile.

Mwanawe Weldon alipomwoa Syprose, binti wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, bi harusi huyo alikaanga samaki katika siku zake za kwanza ukweni. Mzee akatangaza mbele ya wageni wa kanisa, "Katika hii boma hatukuli nyoka ya maji!" Watu wakacheka. Syprose alichukua sufuria yake akaenda kupikia nyuma ya zizi, na baadaye akaacha kabisa. Mzee akaona ameshinda. Masikini, hakujua alichokipoteza.

Sasa ilikuwa mwisho wa Mei, masika yanaelekea ukingoni. Syprose alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Chepkurui, na chakula kikamkataa. Uji ulimchefua, na mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, hakutaka hata kuyanusa. Alikonda hadi maziwa ya kifuani yakaanza kukauka, na mtoto akawa analia mchana kutwa kwa sauti iliyozidi kufifia. Muuguzi wa zahanati alisema, "Kitu chochote anatamani, mpeni." Alichotamani ni samaki, na hakuthubutu kukitaja ila kwa mama mkwe wake, Esnah. Weldon alikuwa safarini na lori, na muuza samaki wa sokoni hakuwa ameonekana tangu mvua ibomoe daraja.

Esnah alipomweleza mumewe, mzee hakubisha, maana alimpenda mjukuu wake kupita kiasi. Alinunua ndoana, akakata ufito, akateremka hadi kwenye bwawa lililo chini ya mashamba ya chai. Alisimama juu ya ukingo, kofia kichwani, akarusha ndoana katikati penye kina, kisha akapiga mluzi kama anavyowapigia ng'ombe wanywe maji. Ng'ombe husikia mluzi wakanywa. Samaki walisikia wakahama. Akarudi mikono mitupu. Kesho yake alikwenda tena, akapiga mluzi kwa nguvu zaidi.

"Muulize mwenyewe," Esnah akamwambia jioni. "Yeye amezaliwa karibu na maji."

"Mimi? Niulize bibi ya kijana yangu?"

"Sasa utauliza ng'ombe?"

Kutoka nyumba ya Weldon, ng'ambo ya ua, kilio cha Chepkurui kilisikika, chembamba, cha mtu aliyechoka kuomba. Mzee akainuka. Kwa kuwa desturi haikumruhusu kuingia chumbani kwa mkazamwana, alisimama nje chini ya dirisha, akavua kofia ingawa hakuna aliyemwona.

"Mama Chepkurui," alianza, akakohoa. "Ile siku niliongea vibaya. Nilikuaibisha mbele ya watu. Pole, mama. Sasa hawa samaki wamenishinda kabisa. Wanakaa wapi?"

Sauti dhaifu ikatoka dirishani, imechanganyika na machozi.

"Baba, kumbe ni wewe ulikuwa unapiga mluzi huko chini?"

"Ni mimi."

Syprose akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ajifungue. "Katikati kumekuwa baridi na matope juu ya hii mvua. Saa hii ngege wako kando, kwa nyasi, penye maji ni kidogo na jua inapiga. Ngoja jua itoke, uweke nyungunyungu kwa ndoana. Na wanaona kivuli, Baba. Itabidi ulale chini."

Asubuhi iliyofuata, jua lilipopasua mawingu, wachuma chai waliokuwa mteremkoni waliona kioja: mwenyekiti wao amelala kifudifudi kwenye tope, kidevu kimegusa nyasi.

"Mzee, umeangusha kitu?" mmoja akaita.

"Nyamaza!" akanong'ona kwa hasira. "Wanasikia!"

Ufito ukatikisika mkononi mwake. Akavuta ngege mnene, na baada ya kitambo akavuta mwingine.

Alipofika nyumbani alipitia nyuma ya zizi, akaiokota ile sufuria iliyojaa maji ya mvua, akaisugua mwenyewe na kuiingiza jikoni kwa mkewe. "Wapikwe hapa," alisema, na Esnah akageuka upande kuficha tabasamu. Syprose alishikwa mkono akaletwa kando ya moto. Alikula polepole, kisha kwa njaa, hata mifupa akaifyonza.

Walikula samaki siku ile na siku zilizofuata, na maziwa yakarudi. Jioni moja Chepkurui alinyonya hadi akalala, tone jeupe likimtoka pembeni mwa mdomo. Mzee Bethwel alimtazama, machozi yakamlengalenga, tope la bwawani bado limeganda kifuani mwa koti lake.

"Kesho jua ikitoka," alisema, "naenda kulala tena."

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.