Kwa Nini Ziwa la Mlimani Halitulii Rangi

Enzi hizo ziwa la mlimani halikuwa na rangi hata moja. Lilikuwa angavu kupita kiasi, kama kioo. Ukisimama ng'ambo hii, wa ng'ambo ile walikuona usoni mpaka chunusi.

Na kwetu mke hakuonana na baba mkwe wake. Wakikaribiana njiani, mwanamke alijitupa kichakani, hata penye upupu. Akionwa uso, alirudishwa kwao, mtoto akabaki kwa mumewe. Aliyetunga hayo simjui, mwanamke hakuwa.

Atuganile aliolewa na mwana wa mzee Kasyupa. Mzee huyo, magoti yalipomlegea, alihamishia maisha yake ukingoni mwa ziwa, yeye na ng'ombe wake. Maji mengine karibu hayakuwapo. Basi Atuganile alichotea mateteni, mtoto mgongoni, shingo ikizunguka kama ya kuku aliyemwona mwewe. Chakula hakikumshuka, usingizi haukumkaa.

Siku moja, alipoinama, akaona majini kivuli cha mzee, ndevu na yote, kichwa chini miguu juu. Bado kidogo macho yakutane. Alikimbia, mtungi ukavunjika.

"Mama, ziwa litanitenga na mwanangu," alimwambia mama mkwe.

"Ziwa halijaolewa," mama mkwe alijibu, akimenya ndizi. "Kuona haya lingejifunzia wapi? Lifundishe."

Akalifundisha. Alilimwagia udongo mwekundu, majivu, majani mabichi yaliyopondwa, akalikoroga kwa mti mpaka mikono ikafa ganzi. Ziwa likashtuka. Likawa kijani, likawa samawati, likawa kama kutu. Kioo halikuwa tena.

Mzee akaja. Kusema na mkaza mwana, mke wa mwanawe, ni mwiko, akasema na ng'ombe.

"Ng'ombe wewe, nani kayavuruga maji yangu?"

Nyuma ya matete Atuganile akamwambia mtoto aliyekuwa ananyonya, "Mwanangu, mwambie ng'ombe wa babu, maji yamevaa nguo. Yalikuwa yanamvunjia babu heshima."

Mzee akasogea ukingo mwingine achungulie; ziwa likageuka rangi. Akarudi, likageuka tena.

"Twende zetu, ng'ombe," alisema mwishowe. "Hili nalo limekuwa mkaza mwana. Haifai kulikodolea macho."

Wakahamia mtoni, mbali huko bondeni. Atuganile akachota maji amesimama wima, mwanawe mgongoni.

Ndiyo maana hadi leo ziwa lile likisikia nyayo hubadili rangi. Wageni hupanda wakihema, kamera shingoni, wakasema linawapambia. Halimpambii mtu. Linajificha, nao wamesimama pale pale wanalikodolea macho.