Mbuzi wa Ng'ambo ya Mto

Mbunge wetu, Mheshimiwa Lukago, alituma salamu mapema: angekuja kutueleza sheria mpya, na akimaliza alitaka mbuzi mzima wa kuchoma. Kazi ya mbuzi ikamwangukia Bi Sikudhani, mpishi wa shughuli zote kijijini.

Siku ya mkutano Mheshimiwa alieleza sheria ya mbegu, kisha ya maji, kisha ya barabara, mpaka jua likawa utosini. Bi Sikudhani akanyoosha mkono.

"Na daraja letu, baba?"

"Limekwisha! Nimelitangaza hata bungeni."

"Mtu anavuka bila kulowa?"

"Hata unyayo! Mimi mwenyewe nimelipita juzi."

Bi Sikudhani akapiga kigelegele, wanawake wakamwitikia. Mheshimiwa akajifuta jasho, akajishika tumbo.

"Haya mama, mbuzi wangu yuko wapi?"

"Kaiva, baba, ananukia. Moshi wake ule pale ng'ambo."

Mheshimiwa akautazama mto. Ulikuwa umefura, na juu yake hapakuwa na hata ubao mmoja.

"Tangulia, baba," alisema Bi Sikudhani. "Sisi tutakufuata nyuma, maana aliyeliona daraja ni wewe peke yako."